Tazama ndege, lakini usikanyage maji

Mvua za vuli zinapoanza hapa Ukambani, wageni hutujia bila kubisha hodi. Ni ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kati ya Oktoba na Desemba, nenda kando ya bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 kwenye mto Tana, au bwawa la Maruba karibu na mji wa Machakos. Utawaona vitwitwi wakidonoa matopeni na korongo weupe wakiokota wadudu. Angani huzunguka tai wa nyika, na vipanga wa Amur ambao hutoka mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa Uchina, wakavuka Bahari Hindi, kisha wakaja kula kumbikumbi wetu.

Matembezi haya ni dawa. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima atembee kwa nguvu angalau dakika 150 kwa wiki. Aidha, utafiti wa chuo cha King's College London uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba watu waliona nafuu ya moyo walipowaona au kuwasikia ndege, na nafuu hiyo ilidumu kwa saa kadhaa.

Hata hivyo, msomaji, kuna hatari moja usiyoweza kuiona kwa darubini.

Kijana mmoja aliletwa kwangu akiwa na homa, kikohozi na maumivu ya tumbo. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili asipone. Nilipomhoji zaidi, alikumbuka kuwa wiki sita awali alivua viatu, akaingia majini hadi magotini ili amwone ndege vizuri. Usiku ule miguu ilimwasha. Alikuwa na kichocho cha matumbo, maradhi ambayo yamejulikana Machakos kwa miaka mingi.

Kichocho huambukizaje?

Mayai ya mnyoo huingia majini kwa choo cha mgonjwa. Viluwiluwi vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji tulivu yasiyo na kina, penye majani: pale pale ndege wa majini wanapolia chakula.

Tena kuna jambo la saa. Tai na vipanga hupaa juu zaidi hewa ikishapata joto, kuanzia saa nne asubuhi. Konokono nao hutoa viluwiluwi vingi zaidi jua likiwa kali, hasa karibu na adhuhuri. Kwa hivyo saa unayoinua macho angani ndiyo saa unayopaswa kuichunga miguu yako. Kichocho kisipotibiwa huharibu ini, na baada ya miaka mgonjwa huweza kutapika damu.

Fanya hivi:

• Simama nchi kavu. Usioge, usinawe wala usinywe maji ya bwawa. Si kila bwawa lina kichocho, lakini macho hayawezi kubainisha.

• Wakataze watoto kuchezea ukingoni. Masinga kuna mamba na viboko pia.

• Usijisaidie karibu na maji. Tumia choo.

• Ukiona ndege aliyekufa usimguse, kwa kuwa huenda ana homa ya mafua ya ndege. Mwarifu afisa wa mifugo.

• Vaa kofia na ubebe maji safi ya kunywa.

Ikiwa tayari uliingia majini, usikimbilie kununua dawa siku hiyo hiyo. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huponyoka. Pima choo wiki sita hadi nane baadaye. Lakini homa ikikushika kabla ya hapo, nenda hospitalini mara moja na umweleze daktari kwamba uliingia bwawani. Asipoambiwa, atadhani ni malaria.

Ndege hawa watarudi kwao ifikapo Machi na Aprili. Waage ukiwa na afya njema.