Tangazo Lipi Limemleta Mnunuzi?



Kila mkulima wa karafuu ajua kwamba mzigo usiopimwa hauna bei. Makonyo hutengwa, mpeta hutengwa, na karafuu kavu ikapanda mizani. Hapo ndipo mtu ajuapo kazi yake imemletea nini. Lakini wapo wanachama siku hizi ambao, mbali na karafuu ziendazo ZSTC, wana mdalasini, manjano na pilipili manga za kuuza wenyewe. Wamefungua tovuti, na hulipia matangazo katika Facebook na Instagram. Ukimwuliza mmoja wao, "Bwana, tangazo lipi limekuletea mnunuzi?" hukosa jawabu. Fedha imetoka, na mizani haipo.

Tutwae mfano. Mtu yuko Kamanga, Wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Angoja kivuko cha kwenda mjini, simu iko mkononi. Aona tangazo la mdalasini wa Pemba, aligusa, na tovuti yafunguka. Atazama bei, kisha aizima simu kwa kuwa kivuko kimefika. Siku ya tatu arudi katika tovuti na kununua. Mwenye duka, aliyeko Wete, aona oda tu. Hajui kama mtu huyu kaletwa na tangazo au kasifiwa mdalasini na jirani.

Kazi ya kumjulisha hufanywa na kitu kiitwacho pikseli. Ni msimbo mfupi ambao Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, humpa mwenye akaunti ya biashara pamoja na namba yake. Msimbo huu hutiwa sehemu ya juu ya kila ukurasa wa tovuti, mahali asipopaona msomaji. Kwa tovuti za WordPress au Shopify ipo programu ya kuunganisha. Mtu afunguapo ukurasa, msimbo hupeleka habari Meta, na huko hulinganishwa na matangazo aliyoyaona.

Pikseli haijui kipi kina maana kwako mpaka uiambie. Yafaa kuchagua matukio machache: kutazama bidhaa, kutia kikapuni, na kununua. Tukio la kununua liwekwe katika ukurasa wa shukrani unaotokea baada ya malipo, wala si katika kitufe cha kulipa, kwa maana wengi hukibonyeza kisha wakaghairi. Liandikiwe na thamani ya mauzo kwa shilingi. Tena msimbo usitiwe mara mbili, mara kwa mkono na mara kwa programu, ama kila mnunuzi atahesabiwa wawili. Kabla ya kulipia tangazo, nunua mwenyewe kitu kimoja ukatazame kama hesabu imesoma mauzo 1.

Hata hivyo hesabu hii ina upungufu, na Kamanga yenyewe yatufundisha. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, juu ya ghuba hiyo hiyo. Mtu akaaye Kamanga akihesabu abiria wa kivuko, naye akaona wamepungua, hawezi kusema watu wa Sengerema wameacha safari. Huenda wamepita darajani. Ndivyo ilivyo pikseli. Tangu Aprili 2021 simu za iPhone humwuliza mwenyewe kama aridhia programu zimfuatilie, na akikataa hesabu hupungua. Na kwetu njia kubwa ni WhatsApp: mteja huandika, hupatana bei, hulipa kwa simu, na pikseli haina habari.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, hesabu kila anayegusa kitufe cha WhatsApp katika tovuti. Pili, kila tangazo lipewe neno lake, ili ujumbe wa mteja ulitaje. Tatu, weka daftari, na kila mnunuzi aulizwe, "Umetuonea wapi?"

Kuna na upande wa pili, wa hesabu kuzidi. Kwa kawaida Meta hujiandikia mauzo yakitokea ndani ya siku 7 tangu mtu kugusa tangazo, au siku 1 tangu kuliona tu. Basi mteja wako wa miaka kumi akiliona leo na kununua kabla siku haijaisha, tangazo litajisifu kwamba ndilo lililomleta. Kwa hiyo linganisheni hesabu ya Meta na fedha iliyoingia kweli.

Mwisho, mteja ana haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayeingia katika tovuti yako aambiwe kwa Kiswahili chepesi kwamba nyendo zake zahesabiwa na kwa ajili gani, na akikataa aachwe. Namba yake ya simu isiwemo ndani ya anwani ya ukurasa, kwa kuwa pikseli huipeleka anwani yote kama ilivyo.

Mwenye kulipia matangazo na aanze kwa fedha kidogo, mwezi mmoja, daftari likiwa mezani. Tangazo lisilorudisha gharama likatwe bila huruma, na fedha yake ipalilie shamba.