B Inayoingia Ndani

Sogeeni, wajukuu zangu, kila mtu ashike koo lake. Vidole viwili tu, pale penye kikoromeo. Semeni "baba", taratibu. Mmekisikia kinavyoteremka kidogo kabla midomo haijaachana? Kikishuka, nafasi ya kinywani hupanuka, na midomo ikifunguka hewa kidogo huingia badala ya kutoka. Haya, semeni "mbuzi". Hapo hakishuki vile. B iliyotanguliwa na m hutoka nje. Kumbe tuna b mbili na hakuna aliyetuambia!

Hatukuambiwa kwa kuwa hazitusumbui. Mgeni akiita "baba" kwa b ya mbuzi, labda mtamcheka lafudhi, lakini mtajua anamwita nani.

Sasa twendeni mbali, mashariki ya Nepali. Huko Mto Dudhkoshi unateremka kutoka kwenye theluji za upande wa Everest hadi unapokutana na Mto Sunkoshi. Kwenye milima ya makutano hayo, Okhaldhunga na wilaya za jirani, wamo Wawambule, watu wa jamii ya Warai. Lugha yao ni mojawapo ya lugha za Kikiranti, zinazokaribia 30, nyingi zikiwa na wasemaji wachache.

Kiwambule kina b zote mbili, lakini huko ukibadilisha b umebadilisha neno. Si mchezo! Tena ipo b ya tatu, yenye pumzi nzito, kisha p kavu na p ya kupuliza. Hiyo ya mwisho Waswahili wa Mombasa wanaijua: paa wa porini hupulizwa, paa la nyumba halipulizwi. Sauti tano, na zote zinatoka kwenye midomo hiyohiyo miwili.

Mholanzi Jean Robert Opgenort alichapisha sarufi ya Kiwambule mwaka 2004. Wanaisimu huiandika b ya kuingia ndani kwa kuitia ndoano kichwani: ɓ.

Lakini shuleni mtoto wa Kiwambule husoma Kinepali, kwa maandishi ya Devanagari. Humo kila p na kila b ya kutoka nje ina herufi yake, maana Kinepali chenyewe kinazo. B ya kuingia ndani Kinepali hakina, basi na herufi yake haimo kati ya zile anazofundishwa. Sisi tunaandika b zetu mbili kwa herufi moja na hatupotezi kitu. Yeye akifanya hivyo, maneno mawili yatafanana karatasini.