Fahamu: Protini zinazozuia seli isikue ovyo

Malaria ni kero ya kudumu Kabuta na katika ufuko wote wa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia. Inapokutana na virusi vya Epstein-Barr, watoto huwa hatarini kupata limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza Denis Burkitt, daktari wa upasuaji nchini Uganda, mwaka 1958.

Chanzo chake ni jeni ya MYC kuhama mahali pake na kuichochea seli kuunda ribosomu, zinazotengeneza protini, kupita kiasi. Protini ya ARF ni breki: hukwamisha ukataji wa RNA ya ribosomu, na pia huimarisha protini ya p53 ili isimamishe ukuaji. Breki ikiharibika, uvimbe hukua upesi.

Mzazi, ukiona taya au tumbo la mtoto limevimba, mwahishe hospitali. Ugonjwa huu hutibika.