Kukamilisha Maneno kwa Vyanzo Kadhaa: Mfano wa Matini za Lubunga

Baadhi ya programu za kuandikia matini humkamilishia mwandishi neno: aandikapo herufi za mwanzo, hupendekezewa zilizosalia. Mapendekezo hayo huweza kutoka katika matini yenyewe, katika matini nyingine zilizofunguliwa, au katika orodha ya maneno. Katika programu ya Emacs, amri iitwayo hippie-expand hujaribu vyanzo mbalimbali kimoja baada ya kingine, kwa mfuatano ambao mtumiaji aweza kuubadilisha.

Mfuatano huo una uzito kwa mwanaisimu anayenakili mazungumzo ya Lubunga, komuni ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, ambako Kiswahili huishi pamoja na Kilingala. Katika Kiswahili cha Kongo, msemaji huweza kusema anasemaka, ambapo -ak- huonyesha mazoea. Orodha ya Kiswahili sanifu ikitangulia, herufi anase- zitakamilishwa kuwa anasema. Mwandishi akiikubali kwa haraka, kiambishi alichokusudia kukichunguza kitapotea bila kuacha alama.

Hata hivyo, matini pekee haitoshi, kwani mwanzoni huwa na maneno machache. Kamusi nayo huorodhesha vitenzi kwa mashina: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 huingiza soma, wala si wanasoma. Hivyo yahitajika kanuni ya kutenga viambishi wa- na -na- kabla ya kulitafuta shina.

Kwa kazi ya namna hii, inafaa matini itangulie, kanuni ifuate, kamusi iwe ya mwisho, na kila pendekezo lionyeshe chanzo chake.