Ramen ya wiki tatu: nani anafaidika na mgahawa wa muda?

Ukishuka ngazi za Jumba la Makumbusho la Ramen, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, mjini Yokohama, Japani, jirani na kituo cha treni cha Shin-Yokohama, unatokea kwenye mtaa wa mwaka 1958: vichochoro, mabango ya sinema, taa hafifu na harufu ya mifupa iliyochemka kutwa. Mwaka huo una sababu yake. Ndipo Momofuku Ando wa kampuni ya Nissin alipoingiza sokoni tambi za kumwagia maji ya moto, ambazo leo zimejaa kwenye maduka ya mitaa yetu.

Jumba hilo lilifunguliwa Machi 1994 likiwa na migahawa minane. Linaitwa makumbusho, lakini kibiashara ni mwenye nyumba anayejua kubadilisha wapangaji. Kuanzia 2022, likijiandaa kutimiza miaka 30, liliwarudisha wapangaji wake wa zamani kwa zamu: kila mmoja alipika kwa takriban wiki tatu, kisha akampisha mwenzake. Foleni haikuhitaji tangazo, kwa sababu kila aliyesimama pale alijua jina litaondoka.

Faida ya mgahawa wa namna hii ipo zaidi kwenye mkataba kuliko kwenye bakuli. Kukodi fremu ya kudumu katika miji mikubwa ya Japani huanza na amana ya kodi ya miezi mingi, ndugu wa karibu wa kilemba tunachokijua Kariakoo, na siku ya kuhama mpangaji hutakiwa kubomoa alichojenga, arudishe chumba kitupu. Mgahawa wa muda hukwepa karibu yote hayo. Mwenyeji ana maji, gesi na wateja tayari; mgeni anakuja na sufuria, wapishi na jina. Maduka makubwa ya ghorofa yameuzoea mtindo huu siku nyingi: hutenga ukumbi kwa maonyesho ya bidhaa za kisiwa cha Hokkaido, na kwenye kona moja mpishi kutoka Sapporo, mji wa huko, anauza ramen ya miso kwa wiki moja au mbili.

Ippudo, mnyororo wa migahawa ya ramen, inaonyesha mlango huo unaweza kumfikisha mtu wapi. Shigemi Kawahara aliianzisha Fukuoka mwaka 1985, na mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa wale wanane wa Yokohama. Walaji wa eneo la Tokyo walipata kuijaribu supu nzito ya mifupa ya nguruwe ya kusini bila yeye kujifunga kwa pango la mji mkuu. Mwaka uliofuata akafungua Ebisu, Tokyo. Mwaka 2008 akafika New York. Na mwaka 2017 kampuni mama ikaingia Soko la Hisa la Tokyo. Sisemi makumbusho ndiyo yaliyomtajirisha, ila alipima soko kwa bei nafuu kabla ya kulilipia.

Kikwazo ni supu yenyewe. Supu ya Fukuoka hupatikana kwa kuchemsha mifupa kwa moto mkali kwa saa nyingi mpaka igeuke nyeupe kama maziwa, na hakuna duka la ghorofa litakalofurahia kazi hiyo jirani na kaunta ya manukato. Hapo ndipo mnyororo mkubwa unapomwacha mpishi wa kawaida. Ichiran, jina jingine kutoka Fukuoka, ina kiwanda Itoshima. Tawi hupokea kilichokwisha kutengenezwa, likachemsha tambi na kupasha supu. Kampuni ya namna hiyo inaweza kufungua popote penye umeme na bomba. Yoshinoya, inayojulikana kwa wali wa nyama ya ng'ombe, iliisoma hesabu hiyo vizuri: mwaka 2024 ilinunua Takara Sangyo, kampuni inayotengeneza supu na tambi kwa ajili ya migahawa ya ramen. Kwa maoni yangu, ununuzi huo unaeleza biashara hii inakoelekea vizuri zaidi kuliko foleni yoyote.

Kiwanda pia hurahisisha kubadili mapishi. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat atauliza kwanza habari ya nguruwe, na ana haki. Ichiran ina tawi Nishi-Shinjuku, Tokyo, linalouza ramen isiyo na nguruwe kabisa.

Mwenye duka moja hana nafasi hiyo. Wateja wamezoea bakuli lisizidi yeni 1,000, na kwa upande wa noti, mashine nyingi za zamani za tiketi zilipokea ile ya yeni 1,000 tu. Aprili 2022 serikali, ambayo ndiyo huagiza sehemu kubwa ya ngano ya Japani na kuiuzia viwanda vya unga, ilipandisha bei kwa wastani wa asilimia 17.3. Julai 2024 zikatoka noti mpya, na mashine zikahitaji kurekebishwa au kubadilishwa kwa gharama ya mwenye duka, ambaye hakuziomba.

Mtu kama huyo akialikwa kwenye maonyesho anafurahi, halafu anapiga hesabu. Mpishi ni yeye, sufuria ni moja, msaidizi ni mkewe au kijana wa zamu. Akienda Tokyo wiki mbili, duka lake la Sapporo linafungwa wiki mbili, kodi ya kule inaendelea kudaiwa, na mwenyeji anakata asilimia yake kwenye kila bakuli.