Hana Majuto, au Majuto Yamemzidi?

Mume amechelewa kurudi kutoka mnadani. Mkewe amekaa na chakula mpaka kimepoa. Kabla mume hajaegemeza baiskeli ukutani, anapokewa kwa maneno ambayo hata adui hasemi: kwamba hampendi, kwamba ana mwanamke mwingine, kwamba heri asingalimwona maisha yake yote. Sahani inavunjika. Saa mbili baadaye mwanamke yule yule amepiga magoti, analia, anasema yeye ni takataka, afadhali afe. Asubuhi anapika uji mzuri, kana kwamba hakuna lililotokea. Naye mama mkwe, aliyesikia yote kutoka chumba cha pili, anatoa hukumu yake: “Huyu hana haya wala hajuti. Angalikuwa anajuta, asingalirudia kila juma.”

Wapenzi wasomaji, hukumu ya namna hii twaisikia mara nyingi, na mara nyingine ni ya haki. Wako watu wenye moyo mgumu, ambao machozi ya mwenzao hayawasumbui hata kidogo. Lakini uko ugonjwa mmoja wa nafsi ambao hukumu hii haiuelewi kabisa, na mgonjwa akiisikia kila siku yaweza kumsukuma kaburini.

Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliandika habari za wagonjwa waliomtatiza. Hawakuwa watu wa kurukwa na akili, wala hawakuwa watu wa wasiwasi wa kawaida tu. Aliwaona kama wamekaa mpakani, kati ya nchi mbili. Jina hilo la mpakani likawashika, na mwaka 1980 likaingia katika kitabu kikubwa ambacho madaktari wa Marekani hukitumia kuyapanga magonjwa ya akili. Si jina zuri sana, maana halimwambii mtu chochote juu ya maumivu yenyewe. Lakini hatuna jingine lililozoeleka. Hukadiriwa kwamba katika watu mia, mmoja au wawili wanao ugonjwa huu, wanaume kwa wanawake.

Mwenye ugonjwa huu huogopa mno kuachwa. Leo wewe ni malaika wake, kesho ni shetani, kisha tena malaika. Hasira yake huwaka upesi na hukawia kupoa. Ndani hujiona mtupu, kama debe. Wengi hujidhuru wenyewe, na wako wanaojiua. Lakini tusiende nyumba kwa nyumba tukiwabandika majirani jina hili. Ugomvi wa juma moja, au hasira ya mtu mwenye njaa na madeni, si ugonjwa. Dalili hizi lazima ziwe nyingi pamoja, na zidumu miaka, na mwenye kuamua ni daktari. Wala si mambo ya kurogwa. Wengine wamezaliwa na moyo mwepesi kuumia kupita watu. Wengi tena wameteswa au kuchezewa utotoni, au wamekulia mahali ambapo kila walipolia waliambiwa wanadeka.

Sasa turudi kwa lile swali la majuto. Yako mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya. La kwanza ni kujua kwamba nimetenda kosa: nimevunja sahani, nimemtukana mume wangu. La pili ni fedheha, yaani kujiona kwamba mimi mzima ni kosa, tangu utosini mpaka unyayoni. Lile la kwanza humwelekeza mtu kwa yule aliyeumizwa, akamtazame, akatengeneze. Fedheha humgeuza ajitazame mwenyewe tu, tena kwa chuki. Wataalamu waliowachunguza wenye ugonjwa wa mpakani wameona mara nyingi kwamba fedheha yao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Kwa mgonjwa huyu majuto ni pacha wa hasira, huja yakimshika kisigino.

Na mtu anayewaka kwa fedheha hufanya nini? Hukimbia. Hukana kwamba alisema. Hugeuza kesi, akamlaumu yule aliyemwumiza. Au huamka asubuhi na kupika uji kimya, kwa sababu kulitaja jambo la jana ni kuingia tena motoni. Mama mkwe aona uso mkavu, asema hakuna majuto. Kumbe yamejaa mpaka yamekosa mlango wa kutokea.

Na huruma je? Hapa mambo hayanyoki. Kuna mtihani mmoja ambao mtu huonyeshwa picha za macho tu, bila uso mzima, aseme mwenye macho hayo anaona nini moyoni. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wenye ugonjwa wa mpakani waliusoma moyo wa watu katika macho vizuri kuliko watu wazima wa afya. Uchunguzi mwingine ulionyesha kinyume, hasa palipohitajika kuelewa habari ndefu yenye watu na maneno. Wengine wameona kwamba uso mtulivu usio na neno, mgonjwa huuona una hasira. Mimi nadhani wazazi wa nyumbani wamekwisha yaona yote hayo bila mtihani. Binti huyo ndiye wa kwanza kutambua kwamba mama ana huzuni, lakini mama akinyamaza kwa sababu ya uchovu wa shamba, binti asema, “Umenichukia.” Jicho lake ni kali, ila woga husoma mahali pake.

Nawasimulia sasa habari za mwanamke mmoja, ambaye bila yeye pengine tungalikuwa bado twasema kwamba watu hawa hawaponi. Marsha Linehan alizaliwa mwaka 1943 mjini Tulsa, nchini Marekani, katika jamaa ya Kikatoliki yenye watoto sita. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Hartford, akakaa humo miaka miwili na zaidi. Alijikata na kujigonga kichwa. Alifungiwa chumbani peke yake, akapewa dawa kali, akapitishiwa umeme kichwani. Wala hayo yote hayakumsaidia. Madaktari wakati ule walimwandikia ugonjwa mwingine. Yeye mwenyewe, alipokuja kuwa mtaalamu, aliona kwamba ulikuwa ni huu wa mpakani. Humo hospitalini alimwekea Mungu nadhiri: kama atatoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Mwaka 1967, mjini Chicago, alikuwa akisali jioni katika kikanisa, akitazama msalaba, na ghafula akajua kwamba anapendwa. Alikimbilia chumbani kwake akasema kwa sauti kwamba ajipenda. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Loyola, cha Mapadre Wajesuiti. Maisha hayakunyoka siku moja, lakini hakurudi kule alikotoka. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na huko akatengeneza namna yake ya kutibu. Mwaka 1991 alitangaza matokeo: wanawake waliotibiwa hivyo mwaka mmoja walijidhuru mara chache kuliko wenzao waliotibiwa kwa desturi, walilazwa siku chache, na walioacha matibabu njiani walikuwa wachache zaidi.

Matibabu yake hayana uchawi. Mgonjwa huzungumza na mwalimu wake kila juma. Huhudhuria darasa pamoja na wenzake, wakajifunza kuitambua hasira ingali cheche, kuvumilia saa mbaya bila kuiongeza ubaya, kuomba na kukataa bila kugombana. Tena aweza kumpigia mwalimu simu anapozidiwa. Mwalimu humwambia mambo mawili kwa pamoja: uchungu wako una sababu, nami nauona, na, huna budi kubadilika. La kwanza peke yake ni kumdekeza. La pili peke yake ni kumpiga mtu aliyekwisha anguka.

Kuhusu kosa, hufundisha hivi: kama kweli umekosa, litaje kosa kwa jina lake, omba msamaha, tengeneza ulichoharibu, tena zaidi kidogo, kusudia kutorudia, kisha liache. Msomaji aliyejifunza Katekisimu ataona kwamba njia hiyo si ngeni kwake. Neno gumu kwa mgonjwa ni lile la mwisho. Yeye huomba msamaha mara ishirini, analia, anajitukana, mpaka yule aliyetukanwa analazimika kumbembeleza aliyetukana, na kosa lenyewe halikutengenezwa. Mume wa habari yetu hakuhitaji kuona mkewe akijiita takataka. Alihitaji kusikia, “Nilikusingizia habari ya mwanamke, nimekosa,” na sahani nyingine mezani.

Basi ndugu wa nyumbani wafanyeje? Wasihukumu usiku, moto ukiwaka. Asubuhi wamwambie kosa moja, lililotendeka jana, si yote ya tangu mwaka wa ndoa. “Ulinitukana mbele ya watoto” ni neno ambalo mtu aweza kulitengeneza. “Wewe ndivyo ulivyo” halina la kutengeneza. Akisema samahani, ipokelewe kwa maneno machache, mambo yaishe. Wala nisisikike nasema kwamba ugonjwa wafuta haki ya wengine. Anayepigwa na aondoke, na watoto pamoja naye, mpaka pawe salama. Kumhurumia mgonjwa si kukubali kuumizwa.

Tena wasikate tamaa. Karibu na mji wa Boston wagonjwa 290 walifuatwa tangu miaka ya 1990. Katika miaka kumi, 93 katika kila mia walikaa angalau miaka miwili mfululizo bila kuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa mpakani. Kurudi katika kazi na urafiki mwema ni kugumu zaidi. Waliofika hapo ni kama nusu.

Jambo moja halingojei. Mtu akisema afadhali afe, asiambiwe anatutishia. Aulizwe wazi wazi, kwa upole, kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Dawa ya kunyunyizia pamba na dawa ya panya zitolewe nyumbani siku ile ile, zikawekwe kwa jirani aminifu. Asiachwe peke yake usiku. Asubuhi apelekwe hospitali ya wilaya, na mmoja wa nyumbani aingie naye kwa daktari, maana mbele ya wageni fedheha humfunga kinywa, akasema ana malaria tu.