Kuruka Tena Ndani ya Upepo wa Mwaka 1936

Jioni ya Septemba 4, 1936, Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro nchini Kenya, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo ya injini moja aina ya Vega Gull. Alikuwa anaelekea New York. Marubani wengi mashuhuri waliovuka Atlantiki kabla yake walitoka Amerika kwenda Ulaya, wakisukumwa na upepo wa tezi. Yeye alishika njia ya kinyume, na upepo wa omo ukamlia mafuta usiku kucha. Baada ya saa zaidi ya 21 injini ilizimika, akatua kwa kishindo kwenye kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Inaelezwa kwamba barafu iliziba matundu ya kupumulia ya tangi la mafuta. Alitoka na jeraha la kichwa, na jina lake likaingia katika historia ya usafiri wa anga.

Je, wajua kwamba upepo ule unaweza kupatikana tena? Mtu aliyeketi nyumbani kwake mbele ya kompyuta, akiwa na usukani wa plastiki mezani na programu ya kuigiza urubani, yaani simuleta, anaweza kupaa kutoka Uingereza tarehe ileile na kukutana na hewa inayokaribia sana ile aliyokutana nayo Markham. Inakaribia tu, haiwi ileile. Umbali uliobaki kati ya hewa hizo mbili ndio ulionivuta niandike habari hii, kwa sababu unatuonyesha ni nani duniani aliyekuwa akiandika hali ya hewa, na ni wapi hakukuwa na mwandishi.

Simuleta ya ndege na hali mbaya ya hewa ni ndugu wa tangu zamani. Edwin Link, Mmarekani aliyetoka katika familia ya watengenezaji vinanda, alikamilisha chombo chake cha kufundishia urubani mwaka 1929: sanduku la mbao lililoyumbishwa kwa mifuko ya hewa kama ile ya kinanda. Jeshi halikukipa uzito. Kisha Februari 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege katikati ya majira ya baridi. Wengi hawakuwa wamezoea kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake, na baadhi yao wakafa ndani ya ukungu na theluji. Mwaka huohuo jeshi likanunua vyombo sita vya Link.

Siku hizi hewa ya leo haina shida kuipata. Programu kama X-Plane na Microsoft Flight Simulator huivuta kwenye intaneti zenyewe: mvua ikinyesha Mombasa, inanyesha pia kwenye skrini. Kazi huanza unapotaka hewa ya jana, ya mwaka juzi, au ya siku ambayo babu yako alipanda ndege kwa mara ya kwanza.

Kwa miongo ya karibuni, njia iliyo rahisi zaidi ni METAR. Hii ni taarifa fupi ya hali ya hewa ambayo viwanja vya ndege duniani kote huitoa kila saa au kila nusu saa, kwa lugha ya mkato inayofanana kuanzia Dar es Salaam hadi Tokyo. Tuchukue mfano wa kubuni wa siku ya dhoruba:

HTDA 041100Z 17022G35KT 4000 RA BKN012 OVC080 25/23 Q1008

Herufi nne za mwanzo ni kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Tarehe ni 4, saa 11:00 kwa saa za dunia, na hapo wengi hujikwaa: kwetu hiyo ni saa 8 mchana, kwa kuwa tuko mbele kwa saa tatu. Usiporekebisha saa ya simuleta, utapata mvua ya mchana chini ya jua la asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 170, karibu kusini kabisa, kwa noti 22, sawa na kilomita 41 hivi kwa saa, na mivumo ya ghafla inafika noti 35. Macho yanaona mita 4,000 tu. Mvua inanyesha. Mawingu yaliyovunjikavunjika yako futi 1,200 juu ya uwanja, na juu yake, kwenye futi 8,000, mbingu imefunikwa kabisa. Joto ni nyuzi 25, na kiwango cha umande nyuzi 23. Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1008.

Usiidharau namba hiyo ya mwisho. Kipimo cha mwinuko ndani ya ndege kwa kweli hupima mgandamizo, na hektopaskali moja ni sawa na mita nane hivi za kimo karibu na usawa wa bahari. Rubani akiacha kipimo chake kwenye 1013 siku ambayo mgandamizo halisi ni 1003, kitamwambia yuko juu kwa mita 80 kuliko alipo. Kwenye ukungu, mita 80 ni urefu wa jengo la ghorofa zaidi ya 20. Ukirudisha siku ya zamani ndani ya simuleta, unairudisha pamoja na hatari yake hiyo.

Taarifa hizi hazitupwi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, kina hazina kubwa ya METAR za viwanja vya nchi nyingi, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua bila malipo. FlightGear, simuleta isiyouzwa ambayo watu wa kujitolea wameijenga tangu miaka ya 1990, inakubali uibandike METAR yoyote nayo itaigeuza kuwa upepo, mawingu na mvua. Katika X-Plane 11 taarifa hizo hukaa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Wapenzi wa mchezo huu huzima upakuaji wa moja kwa moja, wakaweka faili la tarehe waitakayo, na programu ikaamini kwamba hiyo ndiyo leo. Sioni njia bora zaidi ya kumfundisha kijana kusoma METAR kuliko kumwambia achague siku, aisome taarifa yake, kisha apae aone kama aliyoyasoma ndiyo yanayomtikisa.

Lakini METAR huona pale tu mtazamaji aliposimama. Anajua wingu linaanzia wapi chini. Kilele chake hakijui. Viwanja vidogo vikifungwa usiku, taarifa nazo hukoma hadi asubuhi. Na kati ya kiwanja na kiwanja? Ukiruka kutoka Dar es Salaam kwenda Songea, unapita juu ya nchi kubwa ya Rufiji na Hifadhi ya Nyerere, ambako radi inaweza kuunguruma mchana kutwa bila kuingia kwenye METAR hata moja. Programu hulazimika kukisia. Zile za zamani zilikisia vibaya: ndege ilipotoka kwenye eneo la kituo kimoja na kuingia la kingine, upepo uligeuka ghafla na ndege ikaruka kando. Za sasa huchanganya taarifa za vituo na hesabu za modeli za dunia nzima, hivyo mabadiliko huja taratibu.

Modeli hizo hizo ndizo zinazoturudisha hadi kwa Markham. Wanasayansi huchukua modeli ya kisasa ya utabiri, wakailisha vipimo vya zamani badala ya vya leo, na kuiagiza itengeneze upya hali ya hewa ya dunia nzima saa baada ya saa. Huo ndio uchanganuzi upya. Ule unaotumiwa sana unaitwa ERA5 na hutolewa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF. Unaanzia mwaka 1940, una taarifa za kila saa, umeigawa dunia katika miraba ya kilomita 31 hivi, na umeipanga hewa katika tabaka 137 kutoka ardhini hadi kilomita 80 juu. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 4, 2024, kimo humo.

Safari ya Markham ni ya 1936, kwa hiyo ERA5 haiifikii. Inabidi kurudi kwenye kazi nyingine, uchanganuzi upya wa karne ya 20 ulioongozwa na taasisi ya NOAA ya Marekani. Toleo lake la tatu linafika nyuma hadi mwaka 1836. Kinachonistaajabisha ni lishe yake: kwa upande wa hewa, linakula kipimo kimoja tu, mgandamizo uliosomwa usoni mwa ardhi na bahari. Halisomi puto wala setilaiti. Hewa hutiririka kwa kufuata tofauti za mgandamizo huku ikipindishwa na mzunguko wa dunia, kwa hiyo ukijua vizuri wapi mgandamizo ulikuwa mkubwa na wapi ulikuwa mdogo, modeli inaweza kukadiria upepo hadi juu. Kisha kazi hiyo hurudiwa mara 80, kila mara kwa tofauti ndogo. Matoleo 80 yakikubaliana, unaweza kuuamini upepo huo. Yakitawanyika, ujue vipimo havikutosha.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1936 vilikuwepo kwa wingi, maana meli zilipishana humo mchana na usiku, na mabaharia walikuwa na desturi ya kuandika mgandamizo, upepo na joto kwenye daftari la chombo. Mtu anaweza kuchukua upepo wa usiku ule, akauandika kwenye tabaka za simuleta moja baada ya nyingine, akajaza mafuta na kuanza safari. Ataona jinsi kasi ya ndege hewani inavyobaki nzuri huku ramani ikisogea kwa shida. Barafu ya kwenye tangi hataipata. Hakuna modeli ya miraba ya kilomita 75, kama hiyo ya NOAA, inayojua ni wingu gani hasa ndege ile ndogo ilipita.

Ukubwa wa miraba unaleta jambo jingine ambalo yeyote anayeruka karibu na Kilimanjaro atalihisi. Ndani ya modeli, mlima wa mita 5,895 husawazishwa na nyanda zinazouzunguka mpaka unabaki mwinuko mpana na mfupi. Simuleta kwa upande wake ina ramani kali ya ardhi, na vilele vya Kibo na Mawenzi huonekana kama vilivyo. Matokeo yake unaruka kando ya mlima wa kweli katika hewa iliyokokotolewa kana kwamba mlima huo haukuwepo. Upepo unaoporomoka upande wa pili wa kilele na wingu linalokaa juu yake asubuhi havimo, isipokuwa programu yenyewe ivibuni.

Kwa mambo madogo na ya ghafla kiasi hicho, shahidi pekee mara nyingi ni ndege yenyewe. Agosti 2, 1985, ndege ya Delta namba 191 ilikuwa inatua Dallas/Fort Worth, Marekani, ilipoingia chini ya wingu la radi ambalo hewa yake ilikuwa inaporomoka na kutawanyika ilipogonga ardhi. Kwa sekunde chache upepo wa mbele uligeuka kuwa wa nyuma, mbawa zikapoteza nguvu ya kuibeba ndege, na watu 137 wakafariki. Kisanduku cheusi kilikuwa kimerekodi mwendo wote. Wahandisi walilinganisha mwendo wa ndege ndani ya hewa na mwendo wake juu ya ardhi. Tofauti kati ya miendo hiyo miwili ni upepo. Hivyo waliuchora upepo ule kipande kwa kipande, na ukaingizwa kwenye simuleta za kufundishia, ambamo marubani wamejifunza kuutambua mapema na kuukwepa. Nikisikia mtu akisema simuleta ni mchezo wa watoto, hilo ndilo ninalomweleza.

Sasa twende Zanzibar. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha nyumba, kikazamisha vyombo bandarini pamoja na meli za Sultani Barghash, na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi kuu ya karafuu. Mwaka huo umo ndani ya uchanganuzi upya wa NOAA, hivyo kinadharia tarehe hiyo inaweza kufunguliwa kwenye simuleta. Kinachotoka hakifanani na walichokiona watu wa Unguja. Vimbunga vinavyofika karibu hivi na ikweta huwa vidogo, na kimbunga kidogo hupotea ndani ya mraba wa kilomita 75. Zaidi ya hapo, Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1872 ilikuwa na vipimo vichache mno. Majahazi yalikuwepo tele, na manahodha waliijua kaskazi, kusi na maleleji kuliko mtu yeyote duniani, lakini barometa haikuwa chombo chao, na maarifa yao hayakuandikwa kwa namba ambazo modeli inaweza kuzila.

Vipimo zaidi bado vinatafutwa. Tangu 2010 maelfu ya watu wa kujitolea katika mradi wa oldWeather wamesoma madaftari ya meli za zamani yaliyopigwa picha, yakiwemo ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kunakili mgandamizo na joto mstari kwa mstari. Namba hizo huingia katika hazina za vipimo vya baharini, na kutoka huko zinaweza kulishwa modeli. Madaftari ya vituo vya nchi kavu nayo yako mengi katika nyaraka za nchi zilizotawaliwa, Afrika Mashariki ikiwemo, na mengine karatasi zake zinaendelea kuoza kabla hazijapigwa picha. Kwa anayetaka kuruka juu ya Unguja ya 1872, barometa iliyosomwa kwenye meli moja tu iliyopita karibu na pwani siku ile ingebadilisha mengi: matoleo 80 yangesogeleana, na kimbunga kingeanza kupata mahali pake kwenye ramani.